Uliza Fundi: Swichi iko juu, sinki lina mguu, kiti mwendo kikae wapi?

Mwezi huu maswali mengi yamekuja ya aina moja, watu wanajenga au wamepanga nyumba na ndani kuna mtu anatumia kiti mwendo, hawajui vitu viwekwe urefu gani. Nimechagua manne, nimeyakata kidogo maana mengine yalikuwa marefu kama hati ya kiwanja.

Shikamoo fundi. Mdogo wangu wa kiume alipata ajali ya bodaboda, uti wa mgongo ukaumia, sasa hivi anatumia wilichea na madaktari wameshatuambia hatatembea tena. Nyumba yetu imeshapauliwa ila plasta bado, fundi umeme anaanza kupasua kuta wiki ijayo kupitisha paipu. Nimemwambia ashushe swichi kidogo, kasema ataweka urefu wa kawaida maana zikiwa chini watoto watachezea, halafu eti mdogo wangu si atakuwa na watu wa kumsaidia. Ziwe urefu gani? Na soketi je? — Dada Mkubwa, Morogoro

Marahaba dada, poleni sana na mfikishie pole mgonjwa. Kwanza mzuie huyo fundi asiguse ukuta mpaka mkae naye chini, maana ukishapasuliwa na plasta ikapita juu kila marekebisho ni hela na vumbi la upya.

Huo urefu wa kawaida wa mafundi wetu ni futi nne na nusu mpaka tano toka sakafuni, yaani usawa wa bega la fundi mwenyewe akiwa kasimama, hakuna siri nyingine. Soketi wanaziweka futi moja. Kwa mtu aliyekaa zote mbili ni tabu, ile ya juu anainua mkono mpaka bega linauma, na mabega yake ndo miguu yake sasa hivi, anasukumia kiti siku nzima. Ile ya chini inabidi ainame, na mtu aliyeumia uti wa mgongo hasa kama jeraha liko juu misuli ya kiwiliwili haimshiki, akiinama kuchomeka chaja anaweza kwenda chini mzima mzima.

Vipimo vipo na wala si vya kubuni. Marekani kanuni zao za 2010 zinasema kitu cha kushika kisizidi sentimita 122 kwenda juu na kisishuke chini ya 38. Zamani, kwenye kanuni za 1991, kama unakifikia kwa ubavu waliruhusu mpaka 137, baadaye wakashusha. Waingereza kwa nyumba za watu wote swichi na soketi zinakaa kati ya 45 na 120, lakini kwa nyumba inayojengwa makusudi kwa ajili ya mtu wa kiti mwendo wanabana zaidi, kati ya 70 na 100. Sasa angalia tofauti hapo, 122 ni pale mkono unapoishia, siyo pale unapopenda kuufikisha kila siku usiku na mchana. Mi kwa mdogo wako ningefuata hiyo ya 70 mpaka 100, swichi zote mita moja, soketi zote 70.

Na hoja ya watoto mwambie fundi hivi, mtoto anayetambaa anafikia soketi ipi, ya futi moja au ya sentimita 70? Kwa hiyo ukizipandisha umemkinga mtoto pia. Swichi ya taa mtoto akiichezea taa itawaka na kuzima, basi, hamna aliyekufa.

Ila urefu peke yake hautoshi na hapa ndo wengi wanapopigwa. Kila kitu unachofunga ukutani jiulize kwanza kiti kitasimama wapi. Kiti mwendo kinataka nafasi ya sentimita 76 kwa 122 ya kutulia tu bila kugeuka, na kugeuka mzunguko mzima kinataka kama mita moja na nusu. Sasa fundi anakuwekea swichi mita moja sawasawa kabisa, lakini iko kwenye kona nyuma ya mlango. Mtu wa kiti mwendo kona haiingii, pedo za miguu zinatangulia mbele zinagonga ukuta na mkono bado uko mbali. Waingereza kwenye hizo nyumba maalumu wanataka kitu kikae sentimita 70 toka kwenye kona ya ndani. Hicho kipimo kiandike kwa chaki kubwa kwenye kuta zote, maana kona ndo mafundi wanazipenda, waya unakuwa mfupi.

Vilevile soketi iliyoko nyuma ya kitanda, nyuma ya friji, nyuma ya kochi, hiyo usiihesabu. Chumbani weka soketi na swichi ya taa pale mkono unapoangukia akiwa amelala, aweze kuzima taa bila kumwita mtu saa sita usiku.

Kabla ya yote fanya hivi. Mchukue mdogo wako mpeleke site na kiti chake mwenyewe, siyo cha kuazima hospitali maana vinatofautiana kimo na upana. Akae mgongo umeegemea, asogee ukutani kwa ubavu, anyooshe mkono bila kujikamua, chora mstari anapofika juu, chora anapofika chini. Halafu afanye hivyo hivyo akiwa ameuelekea ukuta uso kwa uso. Utaona mstari wa pili umeshuka na mkono umefupika, ni kawaida, magoti na pedo vimekula nafasi. Hiyo mistari ndo ramani yako, vitabu vinakuja nyuma yake.

Halafu LUKU, ile meta ya umeme wa kulipia kabla. Watu wanasahau kabisa LUKU. Meta inafungwa nje juu ukutani, kuingiza tokeni ni namba 20, mtu mzima mwenye miguu anachuchumia kuona kioo, sasa yeye? Ipo meta ambayo sehemu ya kubonyezea imetenganishwa inakaa ndani ya nyumba, ulizia hiyo wakati wa kuomba umeme na ielekeze ukutani mita moja hadi mita moja na kumi, usiichokonoe mwenyewe meta ikishafungwa. Na boksi la breka nalo lishuke, umeme ukijikata kwa sababu ya pasi anatakiwa aweze kurudisha mwenyewe. Hapo ndo jibu la yule anayesema atasaidiwa, siku mmeenda msibani wote yeye akabaki gizani na breka iko futi sita utamwambia nini.

Habari ya kazi. Natumia kiti cha magurudumu tangu utotoni kwa sababu ya polio. Nimepanga nyumba ya chini hapa Mombasa, kuingia naingia vizuri, tatizo ni bafuni. Sinki lina ule mguu wa kauri mpaka chini, magoti hayaingii, napiga mswaki na kikombe mkononi. Choo ni cha kukaa lakini kifupi, kutoka nateseka kweli. Mwenye nyumba si mtu mbaya ila hataki gharama kubwa. Aanze na nini? — Mpangaji, Mombasa

Salama ndugu yangu. Ukipanga kwa gharama na manufaa, mimi ningeanza na choo, halafu sinki, halafu vitu vidogo.

Choo kifupi kinakupa kazi moja mbaya, kushuka ni rahisi lakini kupanda kurudi kwenye kiti unajivuta uzito wote kwa mikono. Kanuni za Marekani zinataka sehemu ya kukalia iwe kati ya sentimita 43 na 48 na nusu toka sakafuni, lakini wewe pima kiti chako mwenyewe pale unapokalia, mto ukiwa umebonyea, ulinganishe. Vikiwa sawa unateleza tu kwenda na kurudi. Fundi bomba asing'oe choo anunue kingine, akitoe akimwagie zege la kunyanyulia chini yake, inchi mbili au tatu kadiri ulivyopima, akirudishe juu na kuunganisha bomba upya. Ila hapa umsimamie, hilo zege lisitokeze nje ya unyayo wa choo hata kidogo, likitokeza vigurudumu vya mbele vya kiti vitagota hapo na hutaweza kusogea karibu, utakuwa umelipa hela kujiongezea tatizo. Kama hata hiyo mwenye nyumba anaona kubwa kuna vikalio vya kuongezea kimo vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya hospitali, hakikisha tu kinajifunga, vile vya kuegesha vinateleza.

Vyuma vya kushikilia usinunue vya dukani kama bei imekuchoma. Bomba la maji la chuma la galvanaizi, unene wa nje inchi moja na robo mpaka mbili, mpe fundi wa kuchomelea alikunje na aweke sahani za kufungia pande mbili. Liache nafasi ya inchi moja na nusu toka ukutani ili vidole vipite lakini mkono mzima usidumbukie ukanasa. Urefu sentimita 84 mpaka 91 juu ya sakafu. La msingi ni ukuta, bloku yenye matundu ukiipiga skrubu na plagi za plastiki itakuachia siku moja ukiwa hewani, matundu yajazwe zege kwanza hapo bolti zinapoingia. Kanuni inadai chuma kibebe kama kilo 113, kwa hiyo kabla hujakiamini mtafute jirani mnene akining'inie.

Sinki sasa. Ule mguu wa kauri mara nyingi ni pambo la kuficha bomba, ingawa kuna masinki ambayo kweli yanaukalia, kwa hiyo fundi aangalie kwanza. Akiutoa afunge sinki kwa brakiti za chuma ukutani. Chini ya sinki magoti yanataka uwazi wa sentimita 68 na nusu, ukingo wa juu usizidi 86 na nusu, kwa hiyo sinki lenyewe liwe jembamba, yale mabakuli yenye kina hayafai. Bomba la maji machafu lipinde kwenda nyuma ukutani lisishuke katikati ya miguu. Kama kuna maji ya moto bomba lake livishwe sponji, na hii namwambia zaidi yule dada wa Morogoro, wewe wa polio miguu inahisi, utaitoa ukiungua, ya mdogo wake huenda haisikii chochote, ataungua mpaka ngozi itoke na hajui.

Koki badilisha ziwe za mkono mrefu wa kusukuma. Kanuni hapa iko wazi, kitu kitumike kwa mkono mmoja bila kukaba, bila kufinya wala kusokota kifundo cha mkono, na nguvu isizidi kama kilo mbili na kidogo. Jaribu kwa ngumi iliyofungwa, ikifunguka hiyo koki ni nzuri. Kioo kishushwe, ukingo wake wa chini usizidi mita moja juu ya sakafu, saa hizi nina hakika unaona nywele tu.

Shatafu mafundi wanaifunga nyuma ya choo karibu na tangi, ukishakaa huigeukii. Isogezwe ukuta wa pembeni, kama sentimita 20 mbele ya choo. Mlango kama unafunguka kwa ndani ugeuzwe ufunguke nje, mtu akianguka bafuni kwa ndani anakuwa kabari ya mlango mwenyewe na hakuna wa kuingia kumtoa. Na komeo! Sijui nani aliwafundisha mafundi wetu kuweka komeo la choo usawa wa kichwa. Mita moja, tena liwe la kusukuma siyo la kufinya kwa vidole viwili.

Mwenye nyumba akianza kusitasita unaweza kumkumbusha kwa upole kwamba katiba yenu ya 2010 kifungu cha 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali popote kwa njia inayofaa. Lakini kwa jinsi ulivyomweleza sidhani kama utafika huko, mpe orodha ndogo na bei zake, anza na choo na komeo.

Fundi, mimi ni mke na mama wa watoto wanne, natumia kiti mwendo. Tunajenga jiko jipya. Mume wangu mrefu kweli na mabinti wanapika pia, anasema tukishusha kaunta wao watavunjika migongo. Sasa tufanyeje? — Mama Jikoni, Tanga

Mama, mumeo ana hoja, wala msigombane. Hakuna anayekulazimisha kushusha jiko zima. Kaunta ya watu waliosimama iwe sentimita 90 kama kawaida, halafu kipande kimoja cha mita moja au zaidi kishuke mpaka 80, chini yake wazi bila kabati, magoti yaingie. Hapo ndo pa kukatia mboga, kukunia nazi kwa mashine, kukandia chapati.

Jiko la gesi ndo lenye maneno. Wengi wanaliweka juu ya hiyo kaunta ya 80 wanaona wamemaliza. Jiko lenyewe linaongeza kimo, sufuria nayo ina kimo chake, mdomo wa sufuria unajikuta uko usawa wa kidevu chako na mvuke unakupiga usoni. Na ugali hausongwi mikono ikiwa juu, unataka uukandamize kutoka juu. Mi ningejenga kijukwaa cha zege kando ya kaunta, kimo cha sentimita 55 hivi, jiko la plate mbili likae hapo, unalisogelea kwa mshazari, na fundi chuma akuwekee kishikio cha kubana sufuria isizunguke wakati unasonga. Kabla ya kumwaga zege panga matofali kavu kwa kimo hicho uweke jiko na sufuria tupu, songa ugali wa hewa, ukiona bega linapanda toa tofali, ukiona unainama ongeza. Vitufe vya gesi viwe mbele, kupitisha mkono juu ya moto kufuata kitufe nyuma na dera lako la mikono mipana ni kujitafutia balaa. Koki ya mtungi nayo iwe mahali unapofika, mtungi usijazwe uvunguni huko nyuma.

Sufuria ya moto usiibebe mapajani hata siku moja hata kama umezoea. Ndo maana jiko, sehemu ya kuepulia na sinki vipangwe jirani, pa kuepulia paanzie hapo hapo kwenye kijukwaa kwa kimo kilekile, uburuze tu.

Kabati za juu waachie wenye miguu, vyombo vyako vya kila siku viwe kwenye droo za kuvuta chini ya mita 1.2. Na swichi za jikoni zisiwe ukutani nyuma ya kaunta, mkono ukipita juu ya kaunta yenye kina cha zaidi ya nusu mita unapoteza kimo, kanuni ya Marekani inashuka toka sentimita 122 mpaka 112. Weka swichi kwenye uso wa mbele wa kaunta, chini ya ukingo.

Nimejenga lodge Dodoma, rampu nimeweka nzuri na tailizi. Kuna mteja wa kiti mwendo kalala siku moja kaondoka analalamika. Hawa watu wanataka nini zaidi? — Mwekezaji

Bosi, rampu ni ya kuingilia tu, huyo mteja alikuja kulala. Na hiyo rampu yenyewe tailizi ikilowa ni utelezi, ipige brashi ya saruji, na kila sentimita moja ya kupanda iwe na sentimita 12 za kwenda mbele, chini ya hapo mtu anarudi kinyumenyume. Tanzania tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 na nyumba ya kupokea umma kama yako imo, kwa hiyo siyo swala la roho nzuri.

Nenda ukae kwenye kiti cha plastiki kifupi mapokezi kwako. Unamwona dada wa kaunta? Kipande kimoja cha kaunta kisizidi sentimita 91. Ingia na hicho kiti chumbani, usisimame. Bomba la kutundikia nguo liko wapi, ndoano ya taulo, rimoti ya AC iliyopigwa misumari ukutani juu, shawa iliyogandishwa darini, komeo la dirisha. Vyote vishuke viwe chini ya mita 1.2, shawa iwe ya mpira yenye reli ya kushusha na pembeni kiti cha kuogea kilichofungwa. Mlango wa bafu uache uwazi wa sentimita 81 na nusu ukiwa umefunguka, siyo fremu ya 70.

Geti je? Kile kimlango kidogo ndani ya geti kubwa kina bamba la chuma chini la kuvuka, akija usiku mlinzi hafungui geti kubwa, anamwambia apite hapo hapo. Toa hilo bamba au mlinzi apewe maagizo.

Na chandarua, kama ni kile cha duara kinachofungwa fundo juu, mtu aliyekaa halifikii hilo fundo. Weka cha fremu chenye pazia za kuburuza pembeni, na kitanda kisiwe kile cha kifalme cha kupandia stuli, kimo chake na godoro kiwe sentimita 48 hivi, upande mmoja uache nafasi ya mita moja tupu bila meza ya taa.